Kikundi Chenu cha Ibada na Sheria: Namna ya Kutambuliwa, Nyumbani na Ugenini

Kikundi kimoja ninachokifahamu kilianza na familia tano zilizojitoa kwenye dhehebu kubwa. Baada ya miaka mitatu walikuwa watu kama sitini, wana turubai la bluu, viti vya plastiki vya kukodi, na kiwanja cha mita 20 kwa 30 walichokinunua kwa michango yao. Siku ya kuandikishana, mwenyekiti wa mtaa aliinua kalamu akauliza, "Mnunuzi ni nani?" Wote wakamwangalia mzee wao. Likaandikwa jina lake. Hakuna aliyeona tatizo, maana mzee alikuwa mwaminifu kweli kweli.

Mzee akafariki. Arobaini haijafika, wanawe wakaleta mtu wa kupima kiwanja. Siwezi kuwaita wezi. Hati ya mauziano ilisema mali ni ya baba yao, na nyumbani kulikuwa na mjane na watoto wa shule. Waumini walikuja na daftari la michango, limeandikwa kila shilingi na kila jina. Shauri likafika baraza la ardhi, na swali la kwanza likawa: anayedai ni nani? Kikundi. Kikundi gani, kimesajiliwa wapi? Hapo hawakuwa na la kujibu. Mbele ya sheria walikuwa watu sitini wanaofahamiana, basi.

Nimeanza na kiwanja kwa makusudi. Watu wakisikia habari za "dini mpya kutambuliwa na serikali" hudhani kuna ofisi inayokaa kupima kama unabii ni wa kweli au wa uongo. Katika nchi nyingi haiko hivyo. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1944, katika kesi ya Ballard, kwamba si kazi ya baraza la wazee wa mahakama kuamua kama imani ya mtu ni kweli. Sheria huuliza mengine: ninyi ni akina nani, mali yenu iko mikononi mwa nani, na jambo likiharibika nani atajibu. Mkiyajibu hayo vizuri kabla hamjaulizwa, mmeshapita nusu ya safari.

Mwongozo huu ni wa katibu na wazee wa kikundi kichanga, awe Mbeya, Mombasa, Kigali au Frankfurt.

Hatua ya kwanza: andikeni mnachotaka

Kaeni kikao kimoja kwa ajili ya hili peke yake. Kutambuliwa kisheria kuna milango mingi, na kila mlango una ufunguo wake. Kuna kuabudu bila kusumbuliwa. Kuna kumiliki kiwanja, gari na akaunti ya benki kwa jina la jumuiya. Kuna kufungisha ndoa ambayo serikali itaitambua. Kuna msamaha wa kodi. Kuna kuleta wahubiri wageni kwa viza, na kufundisha dini shuleni. Kikundi kinachotaka mawili ya kwanza hakina haja ya kuhangaika na mengine mwaka huu.

Mfano mzuri unatoka Uingereza. Kule hakuna daftari la serikali la dini. Kuna sheria ya mwaka 1855 inayoruhusu kuandikisha jengo kuwa mahali pa ibada, na jengo lililoandikishwa hivyo ndilo linaloweza kuombewa kibali cha kufungishia ndoa, kwa uthibitisho wa wenye nyumba 20 wanaolitumia. Wafuasi wa Scientology, dini mpya iliyoanzia Marekani, waliomba kanisa lao liandikishwe, mahakama ikawakatalia mwaka 1970 kwa hoja kwamba hawamwabudu Mungu kwa maana ya kawaida. Mwaka 2013, katika shauri la mwanamke aliyetaka kufunga ndoa katika kanisa lao la London, Mahakama ya Juu iliigeuza hukumu ile. Ilisema dini haifungwi na imani ya Mungu mmoja, wala hata ya mungu yeyote. Mlango wa ndoa ukafunguka. Lakini mwaka 1999 tume inayosimamia taasisi za hisani ilikuwa imewakatalia kuwa taasisi ya hisani, kwa sheria nyingine na vigezo vingine. Ndiyo maana nasema mtu akikuuliza "mmetambuliwa?", muulize: kwa ajili ya nini?

Hatua ya pili: jueni nchi yenu inafuata utaratibu gani

Kuna nchi zisizo na usajili wa dini kabisa. Marekani ndiyo maarufu: katiba yao inaizuia serikali kuisimika dini yoyote au kuizuia. Kanisa, msikiti au hekalu halihitaji kibali ili liwepo, na sheria ya kodi inaliona limesamehewa hata bila kuomba, ilmradi linatimiza masharti. Msije mkadhani ni mteremko, hata hivyo. Mamlaka ya kodi ikitilia shaka, mzigo ni wenu. Hao hao Scientology walinyang'anywa msamaha mwaka 1967 na kurudishiwa 1993, baada ya kesi zisizohesabika.

Kuna nchi zinazotumia sheria ya jumuiya zote. Tanzania na Kenya ziko hapa. Kikundi cha ibada kinapita kwa msajili yule yule anayesajili jumuiya nyingine. Nitalirudia hili kwa kirefu.

Kuna zenye sheria maalumu ya dini. Japani ina Sheria ya Mashirika ya Kidini ya mwaka 1951. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 inayosimamia taasisi za dini, chini ya Bodi ya Utawala ya Rwanda, ile RGB. Hapo masharti yanaingia ndani zaidi: ubora wa jengo, kelele, na elimu ya dini ya chuo kwa wanaoongoza. Mwaka huo huo wa 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa Kigali, mengi kwa sababu za majengo na usafi, na mwaka 2024 zoezi likarudi nchi nzima. Ukiwa Rwanda, mhandisi na mchoraji ramani mtafuteni mapema kama mnavyomtafuta mwanasheria.

Kuna zenye ngazi. Austria ni darasa kamili. Sheria yao ya mwaka 1998 inakipa kikundi chenye watu 300 hadhi ya chini, yaani ya jumuiya ya kuungama imani. Wakitaka hadhi ya juu, ile waliyonayo Wakatoliki, lazima wafikie watu 2 katika kila 1,000 wa nchi, na wawe wamekaa miaka mingi. Kwa nchi yenye watu wapatao milioni 9, hao ni kama elfu 18. Ujerumani nayo ina ngazi mbili, nitaifikia nikizungumza na walio ugenini.

Na kuna nchi zenye orodha. Indonesia inatambua dini sita. Wafuasi wa imani za asili walilazimika kwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2017 wakashinda haki ya imani yao kuandikwa kwenye kitambulisho cha taifa badala ya nafasi kuachwa wazi. Nafasi tupu kwenye kadi ni kitu kidogo, hadi siku uliyosimama dirishani kuomba cheti cha mtoto.

Mkishajua mko kundi gani, mtajua cha kumwuliza ofisa. Kuuliza "tunajisajilije?" katika nchi isiyo na usajili ni kupoteza nauli.

Hatua ya tatu: katiba, na hapa msiharakishe

Nimesoma katiba nyingi za vikundi, na karibu zote zina kasoro moja: kurasa kumi za mafundisho, nusu ukurasa wa mambo ya fedha. Zigeuzeni.

Sehemu ya imani iwe fupi na iwe wazi. Kama mko katika nchi ambako mtaulizwa kama ninyi ni dini kweli, kipimo kilichotolewa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1983 kinasaidia kama kiunzi: kwanza, imani katika kitu, nafsi au kanuni iliyo juu ya maumbile, pili, kukubali mwenendo unaotokana na imani hiyo. Kwa hiyo andikeni mnachokiamini, kisha mwandike mnachokifanya kwa sababu hiyo: ibada siku gani, mfungo upi, mavazi yapi, mazishi namna gani. Msipake rangi. Msiandike "tunafuata mafundisho ya Biblia kama makanisa mengine" kama mna kitabu cha pili au nabii wenu. Siku watakapogundua, watauliza mmeficha nini kingine.

Sehemu ya uongozi ndiyo inayovunja vikundi. Mwanzilishi anapoandikwa kiongozi wa maisha, na mkewe mweka hazina, na mwanawe katibu, msajili anaona familia, haoni jumuiya. Nawaelewa waanzilishi. Mtu ameota ndoto, ameacha kazi, ameuza ng'ombe akanunua spika, halafu mnamwambia kuna uchaguzi kila miaka mitano. Njia ipo. Mpeni cheo cha kiroho cha kudumu ndani ya katiba, mambo ya kufundisha na kubariki yawe yake, kisha fedha na mali ziwe chini ya kamati inayochaguliwa na kubadilishwa. Makanisa na tarika nyingi zimeishi hivyo bila kumvunjia mtu heshima.

Vifungu vya fedha viseme nani anatia saini benki, na wawe watu watatu wasio wa nyumba moja, wawili kati yao wakitosha. Viseme mahesabu yanasomwa lini mbele ya waumini wote. Viseme mwanachama anaingiaje na anatokaje, na kwamba anayetoka hafuatwi wala hatishwi. Kifungu hicho cha kutoka nakipenda kuliko vyote. Msajili akikiona anajua hapa hakuna kufungiana milango.

Mwisho, kifungu cha kuvunjika. Hakuna anayetaka kukiandika, kama vile hakuna anayetaka kununua sanda mapema. Andikeni: jumuiya ikivunjika, mali ilipe madeni, kinachobaki kiende kwa taasisi nyingine ya hisani yenye lengo kama lenu, na kisigawanywe kwa viongozi. Nchi nyingi zinazotoa msamaha wa kodi hutazama kifungu hiki kabla ya kingine.

Hatua ya nne: faili la Tanzania na Kenya

Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inasema kutangaza dini na kufanya ibada ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo imani yenu haiombi ruhusa. Kinachosajiliwa ni jumuiya, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, kwa Msajili wa Jumuiya aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Faili lenu liwe na majina ya wanachama wasiopungua 10, katiba, wasifu wa viongozi, na barua ya mkuu wa wilaya ya kuwatambulisha. Wekeni pia muhtasari wa kikao kilichoamua kuunda jumuiya, wenye tarehe, mahudhurio na saini. Kikundi cha Waislamu bara kitahitaji pia barua ya BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na Zanzibar, yenye msajili na sheria yake, barua ya Mufti. Wengine huona uzito hapo, hasa kama wametofautiana na hao hao wanaotakiwa kuwaandikia, na uzito huo ni wa kweli. Ushauri wangu ni kwenda mapema, kwa adabu, na katiba mkononi, mkaeleze mnachofanana nacho kabla ya mnachotofautiana.

Barua ya mkuu wa wilaya huanzia chini. Mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha wa kata, kisha wilayani. Msiruke ngazi. Mtendaji asipowajua, ataandika "sifahamu shughuli zao", na sentensi hiyo itasafiri na faili lenu hadi Dodoma. Mwalikeni siku ya ibada. Akae, aone, anywe chai. Majirani pia: kikundi kinachopiga spika hadi saa nane usiku kitapata malalamiko kwenye faili kabla hakijapata namba.

Uzuri mmoja wa utaratibu wa Tanzania ni kwamba jumuiya ikishasajiliwa inaweza kuorodhesha matawi yake. Tawi la Kahama halihitaji kuanza upya.

Kenya ni Sheria ya Jumuiya, Sura ya 108, kwa Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mnaanza kwa kutafuta jina kama liko wazi, kisha vitambulisho vya taifa vya viongozi, katiba, ada, na ukaguzi wa usalama. Vikundi vya dini za asili havilazimiki kujisajili. Jueni pia kwamba mlango unaweza kusimamishwa kwa muda: mwaka 2014 Kenya ilisitisha usajili wa vikundi vipya vya dini, na waliokuwa foleni wakabaki foleni. Kwa hiyo msinunue kiwanja mkitegemea cheti cha mwezi ujao.

Kuhusu jina: liwe lenu. Kuazima jina linalofanana na la dhehebu kubwa, mkaongeza "la Kweli" mwishoni, kunaleta pingamizi moja kwa moja.

Hatua ya tano: wadhamini

Hapa ndipo kilipopotea kile kiwanja. Watu wengi wakipata cheti cha usajili hufanya sherehe na kuishia hapo. Tanzania, ili jumuiya imiliki mali kwa jina lake na kushtaki au kushtakiwa, mnaunda bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Baada ya hapo kuna "mtu" mpya mbele ya sheria. Hafi, hana watoto wa kurithi, na ana lakiri yake.

Chagueni wadhamini wenye sifa ya ukimya na uangalifu. Mhubiri hodari si lazima awe mtunza hati hodari. Mdhamini akifariki au akihama, pelekeni taarifa upesi. Nimeona bodi yenye majina saba ambayo watano walikuwa makaburini, na benki ikagoma kutoa hata senti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe lisipofanyiwa marekebisho ni sawa na kutokuwa nalo.

Mali iliyokwisha kununuliwa kwa jina la mtu ihamisheni akiwa hai, akiwa na akili timamu, mbele ya mke au mume wake na watoto wakubwa. Zungumzeni na familia kwa upole. Msimwambie mzee "tunaogopa utakufa".

Ndoa na kodi, kwa ufupi

Cheti cha jumuiya hakiwapi ruhusa ya kufungisha ndoa. Tanzania, kiongozi wa dini anaombewa leseni RITA chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kenya ni kwa Msajili wa Ndoa chini ya sheria ya 2014. Leseni ni ya mtu, akiondoka haiachi kwa mrithi wake.

Kodi nayo haijisamehe. Sadaka ni jambo moja, ukumbi mnaoukodisha kwa harusi ni jambo jingine, na mshahara wa mlinzi na mwalimu wa chekechea una makato kama mshahara wowote.

Walio ugenini

Ujerumani, anzeni na chama cha kuandikishwa mahakamani. Watu saba wanatosha. Kitamiliki mali, kitafungua akaunti. Ngazi ya juu ni kuwa shirika la sheria ya umma, lenye haki ya kukusanya kodi ya waumini kupitia serikali. Hiyo huombwa kwa kila jimbo, na inatazama idadi yenu na dalili za kudumu. Jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kwa tafsiri yake ya Kurani ya mwaka 1953, ilipewa hadhi hiyo jimboni Hesse mwaka 2013, ya kwanza kwa jumuiya ya Kiislamu nchini humo. Jumuiya hiyo hiyo, nchini Pakistan, iliandikwa katika katiba mwaka 1974 kuwa si Waislamu. Imani haikubadilika kwa kuvuka mpaka. Kilichobadilika ni nani anapewa mamlaka ya kusema wewe ni nani.

Ufaransa, watu wawili wanaweza kuunda chama kwa sheria ya 1901. Kikundi kinachotaka faida za chama cha ibada kinaingia kwenye sheria ya 1905, ambayo inataka shughuli zake ziwe za ibada tu. Ukichanganya ibada na shule ya kushona, fanyeni vyama viwili. Fahamuni pia kwamba kule kuna chombo cha serikali cha kufuatilia madhehebu yenye mienendo ya hatari. Mashahidi wa Yehova walitozwa kodi kubwa juu ya michango yao, wakashinda katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2011.

Oman ni habari tofauti kabisa, na ndugu zetu walioko Muscat wanaijua. Vikundi vyote vya dini viko chini ya Wizara ya Wakfu na Mambo ya Dini, na wasio Waislamu huabudu katika viwanja vilivyotolewa kwa kazi hiyo. Kikundi kipya kisichohusiana na kilichokwisha kutambuliwa kinahitaji kibali cha wizara. Njia inayofanya kazi ni kujiunga chini ya mwavuli wa waliopo na kupangiwa saa ndani ya jengo lao. Msifanye ibada ya kundi sebuleni mkidhani ni kama Tabata, Dar es Salaam. Mnaweza kumponza mwenye nyumba na mwajiri wake.

Mkikataliwa

Ombeni sababu kwa maandishi. Jibu la mdomo haliwezi kukatiwa rufaa. Kisha angalieni kama kasoro ni ya karatasi au ya msimamo. Ya karatasi irekebisheni mrudi. Ya msimamo ina njia ya rufaa na mahakama, na tarehe za rufaa hazimsubiri mtu, kwa hiyo tafuteni wakili wiki hiyo hiyo.

Wakati mwingine mahakama hufungua mlango ambao msajili hakuombwa hata kuufungua. Nchini Kenya, mwaka 2019, mwanafunzi wa kike aliyefukuzwa shule kwa sababu ya rasta zake alikwenda Mahakama Kuu pamoja na baba yake. Mahakama ikasema Urastafari ni dini inayolindwa na katiba, na mtoto akarudi darasani. Kesi ilianzia kwenye nywele za mtoto mmoja, na hukumu ikawalinda waumini wa nchi nzima.

Na wakati mwingine ni kungoja. Mashahidi wa Yehova wa Austria waliomba mwaka 1978. Hadhi ya juu waliipata 2009, baada ya mahakama ya Ulaya kuilaumu Austria mwaka uliotangulia. Hesabuni wenyewe: miaka 31.

Lakini mfano ninaoubeba moyoni ni wa Kongo. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, katika eneo la Nkamba. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ikamkamata, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo, mfalme akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, akafia gerezani mwezi Oktoba 1951, miaka 30 baada ya kukamatwa. Wafuasi wake walihamishwa mbali na makwao, na huko walikohamishwa wakahubiri. Waliendelea kuorodheshana, kuchangishana, kuandika barua kwa wakubwa. Tarehe 24 Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru, serikali ile ile ilitia saini kuwatambua. Miaka kumi baadaye Kanisa la Wakimbangu lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na sheria ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ya mwaka 1971 ilipobakiza makanisa matatu tu nchini, lao lilikuwa mojawapo. Hapo kuna jambo la kufikiria: waliokuwa wamefungiwa nje sasa wakawa ndani, na vikundi vidogo vingi vikabaki nje kama wao zamani.

Mkishapata, namna ya kutokipoteza

Taarifa za mwaka pelekeni kwa wakati, hata kama hakuna kilichobadilika. Viongozi wapya waandikishwe. Mahesabu yatunzwe. Jumuiya nyingi hufutwa kwa uzembe huu mdogo.

Kisha kuna jambo zito. Kikundi cha Paul Mackenzie cha Good News International kilikuwa na usajili Kenya. Cheti hakikuwazuia waumini wake kufa njaa kwa mfungo katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, zikiwemo nyingi za watoto. Usajili ulifutwa baada ya makaburi kufunguliwa. Japani vilevile: Aum Shinrikyo ilipewa hadhi ya shirika la kidini mwaka 1989, ikamwaga gesi ya sarini katika treni za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, na mahakama ikaivunja mwaka huo huo. Mwaka 2025 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamuru Kanisa la Muungano (Unification Church, lililoanzia Korea) livunjwe kwa namna lilivyokamua michango kutoka kwa waumini. Katika mambo yote hayo kilichosababisha hatua kuchukuliwa ni kile walichotendewa watu, wala si mafundisho ya Mungu yupi.

Kwa hiyo, ninyi wazee, wekeni ndani ya utaratibu wenu mambo matatu na myafuate hata pasipo mkaguzi. Mgonjwa haambiwi aache dawa. Mtoto hatolewi shule wala hafungishwi bila chakula. Anayetoa nyumba yake au shamba lake kuwa sadaka anapewa siku za kufikiri, na familia yake inajulishwa. Msajili hatawauliza hayo siku ya kwanza. Mkiwa nayo kwenye katiba, yeye mwenyewe ataona ni watu wa namna gani wamekuja.

Hati halisi ziwekeni benki au kwa wakili, nakala zilizothibitishwa kwa katibu, nakala nyingine kwa mdhamini asiyeishi mtaa mmoja na katibu. Piga picha kila ukurasa.

Kile kikundi cha turubai la bluu hakikurudishiwa kiwanja. Ilichukua karibu miaka minne kupata usajili na wadhamini, kisha wakanunua kingine, kidogo zaidi, mbali kidogo na barabara. Siku ya kuandikishana swali lilikuwa lile lile. Safari hii katibu, mama mmoja mshonaji, alifungua bahasha ya kaki, akatoa cheti, akamsomea mwenyekiti herufi kwa herufi ili asikosee: Bodi ya Wadhamini Waliosajiliwa.